Glasi Aliyokunywa Shemeji

Shemeji yangu ana kofia mbili. Ya kwanza ni ya jua, imechanika upande, hiyo haina maneno. Ya pili ni ya manyoya, nyeusi, ilikuwa ya marehemu bwanangu, na akiivaa ujue anaenda kusema kwa niaba ya nyumba nzima. Aliivaa tukizika. Aliivaa tukienda kuwaombea wajukuu wengine wachumba. Hata kwa mkutano wa maji pale Ruiru aliivaa, na watu wakanyamaza.

Sasa Jumamosi ile nafungua mlango wangu hapa Makongeni, naona ameivaa ya manyoya. Koti pia, na fimbo. Ningemwambia arudi achukue ile nyingine mambo yangekuwa tofauti, lakini nitasema ukweli, mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa rinda la harusi za watu, na shuka begani. Sote wawili tulikuwa tumekosea pamoja.

Kosa lilianza na mjukuu wangu. Huyu msichana nimemlea mimi. Baba yake, mwanangu, alituacha mapema, mama yake akaolewa kwingine, na mtoto akabaki na mimi tangu hajui kufunga kiatu. Ana jina langu kama kawaida yetu, kwa hivyo shemeji humwita mke wa ndugu yangu, na wakikutana huwa ni matusi ya kucheka. "Mke wa ndugu yangu, umepika nini?" "Guka, nimekupikia mawe, una meno?" Hivyo tu, utani wa mjukuu na guka yake, babu. Anafanya kazi ya maabara hapa mjini, na ana kijana. Kijana ni wa Juja, hutengeneza sola kwa manyumba ya watu, na wikendi huruka.

Niliposikia anaruka nikafikiria ni mambo ya kanisa. Kumbe ni kuruka, ya hewani.

Huyu msichana huniita cucu, nyanya yake. Akaniambia, "Cucu, Jumamosi kuna mkutano wao wa kuruka, huko mlimani kwa mashamba ya zabibu, ukipita mananasi. Nataka wewe na guka mkuje mwone. Na mama yake atakuwa huko."

Na mama yake atakuwa huko. Hiyo ndiyo ilituharibia. Nilimpigia shemeji simu, nikamwambia maneno kama yalivyo, akasema, "Hiyo ni ruracio, wanataka kuzungumza mahari."

Nikasema, "Haiya, si wao ndio huja kwetu? Tangu lini watu wa msichana wakaenda kwa watu wa kijana, tena mlimani?"

"Siku hizi watoto wamegeuza kila kitu. Wengine wanafanyia kwa hoteli. Wengine kwa bustani. Hawa ni wa mlima."

Nikakubali. Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kinakataa, kwa sababu mimi nilijua jambo shemeji hajui. Juma moja kabla, tukiambua viazi, msichana aliniambia kijana amemuuliza, na yeye hajajibu. "Ni mtu mzuri, cucu. Lakini nikifikiria kukubali nasikia kama nimefungwa kifua. Nikifikiria kukataa, nasikia vile vile." Nikamuuliza shida ya kijana ni nini. Akasema hakuna. Hiyo ndiyo ilimchanganya, kwamba hakuna. Nikaendelea kuambua viazi.

Watu wa nje labda hawajui vile kwetu inafanyika. Watu wa kijana wanakuja na pombe. Wazee wa msichana hawaigusi. Inawekwa hapo, msichana anaitwa, anasimamishwa mbele ya watu wote, anaulizwa: tunywe hii pombe ama tusinywe? Akisema kunyweni, imekwisha, ameolewa karibu. Akisema hapana, pombe inabebwa vile ilikuja. Kwa hivyo mzee akikunywa kabla ya kuuliza, amejibia mtu. Kila mtu kwetu anajua hivyo, hata shemeji, na shemeji zaidi ya wote.

Msichana alikuja kutuchukua na gari yake ndogo. Alituangalia vile tumevaa, akaangalia na lile kapu langu la ndizi na unga na sukari, akasema, "Aki mmependeza. Lakini kuna jua." Hakuuliza na hatukusema. Hivyo ndivyo sisi ni watu wa kufunga mdomo, halafu tunashangaa mbona hatuelewani.

Tulipita mananasi, yale hayaishi, na barabara ikawa ya vumbi, na mbele kukawa na vilima upande ule wa Kilimambogo. Sijawahi kuona zabibu kwa shamba. Nilifikiria ni mti. Kumbe inatambaa kwa waya kama maharagwe, mistari na mistari, inapanda na mlima. Nilichuma kahawa Ruiru miaka yangu ya usichana, pale ambapo sasa kuna maflati mpaka uchoke, na mikono yangu ilitaka kuingia kwa ile mistari yenyewe. Nilijizuia. Sikuwa nimekuja kuchuma.

Watu walikuwa wengi. Vijana, wazungu kidogo, wahindi kidogo, watoto wanakimbia, muziki, nyama inachomwa. Hakuna hema la wazee. Hakuna viti viwili vimewekwa kando. Nilitafuta mahali pa kuweka kapu nikakosa. Na juu yetu, sasa, juu kabisa, kulikuwa na vitambaa vikubwa vya rangi, chekundu, cha manjano, na chini ya kila kitambaa kuna mtu ananing'inia kama jogoo anapelekwa sokoni. Wananyamaza tu. Wanaenda pole pole. Sikujua niogope ama nicheke.

Msichana akatuketisha kwa kivuli, akasema, "Ngojeni hapa, naenda juu, leo naruka na yeye. Mara yangu ya kwanza. Mtaniona." Akapanda pikapu na akaenda.

Nikamwambia shemeji, "Kwani msichana anaenda na sisi ndio tumebaki?"

"Ataletwa," akasema. "Ndio mtindo wao. Ataletwa kutoka juu."

Sasa akaja msichana mwingine wa hapo shambani, na trei, na glasi ndogo ndogo. "Karibu guka, karibu shosh. Onjeni wain yetu, ni ya bure." Shemeji akauliza ni ya nani. Akasema ni ya shamba, kila mtu anaonja akiingia. Shemeji akaonja nyeupe, akasema ni maji ya ndimu. Akaonja ya pinki, akasema hii ni afadhali. Hapo hakuna kosa. Hiyo ilikuwa ya shamba.

Mimi nikaenda choo. Nitasema vile ilikuwa, maana ndiyo sababu sikuwa hapo. Choo kilikuwa kizuri sana, kina maua, kina kioo kikubwa, nikakaa huko nikijitazama na rinda langu, nikijiuliza nimekuja wapi. Nikanawa na sabuni ya kunukia. Nikanawa tena. Nikiwa hapo nikasikia vigelegele.

Vigelegele ni vigelegele. Hata uwe chooni, unajua ni vya nini.

Nikatoka mbio. Nikaona shemeji ameketi, kofia ya manyoya kichwani, glasi mkononi imebaki tone, na mbele yake mama mmoja mnene wa kitambaa cha kijani ameshika chupa, mdomo wazi, anapiga vigelegele mpaka wazungu wamegeuka na kuanza kupiga makofi. Wao walifikiria ni vya kuruka.

"Mama wa msichana!" akaniita. "Wacha nikukumbatie, sisi ni watu wamoja!"

Akanikumbatia. Ananuka liwa na jasho, mama mzuri tu. Nilimwangalia shemeji juu ya bega lake. Yeye alikuwa anaangalia ile glasi kama mtu ameshika nyoka akifikiria ni mshipi.

"Nilidhani ni ile ya bure," akaniambia polepole. "Amekuja na mikono miwili, amepiga goti kidogo, nikasema hawa watu wa shamba wana heshima. Nikakunywa."

"Yote?"

"Ilikuwa nyekundu," akasema, kana kwamba hiyo inaeleza kitu.

Huyo alikuwa mama ya kijana. Aliambiwa na mwanawe aje na njaa tu, lakini atakujaje mikono mitupu kwa wakwe? Hakujua kama ni ruracio ama si ruracio, kwa hivyo akanunua chupa hapo hapo shambani, aone tu vile mzee ataipokea. Mzee akapokea glasi, ikaisha. Angejua aje kwamba mzee anaonja tangu mlangoni?

Sasa nitaingia kwa jambo ambalo sikutaka kuingia. Pombe yangu mimi ilinywewa nikiwa kwa kahawa. Baba aliona wageni ni watu wazuri, kulikuwa na baridi, mtu hawezi kukaa akiangalia pombe, wakakunywa. Nilirudi jioni na debe mgongoni, nikapata watu wanaimba, nikauliza wanaimbia nani. Wanakuimbia wewe. Bwanangu hakuwa mbaya, sitasema alikuwa mbaya. Alinijengea, alinizikia mama yangu, hakunipiga. Lakini sikuulizwa. Na kitu kama hicho kinakaa mahali, huwezi kukiona, ni kama jiwe dogo kwa mchele, unatafuna tu vizuri miaka yote halafu siku moja unalikuta.

Nililikuta hapo. Nikasema, hapana, huyu wangu ataulizwa.

Nikamwachia shemeji kapu, nikaenda kwa kijana wa pikapu. "Nipeleke juu."

"Cucu, unaruka?"

"Wewe nipeleke."

Akanipeleka. Njia ile sitaki kuikumbuka. Huko juu nilifikiria nitapata watu wako na haraka. Kumbe wameketi kwa nyasi, wamevaa mikanda na kofia ngumu, wanaangalia soksi. Ni soksi kubwa ya rangi ya machungwa, imefungwa kwa mti, hiyo ndiyo huwaambia upepo unatoka wapi. Ikilala, wanaketi. Watu wazima wamesoma wote wanachunga soksi! Nikauliza wangu yuko wapi.

Alikuwa ukingoni kabisa, amesimama, amefungwa na kijana, yeye mbele kijana nyuma, kamba na kitambaa chao cha manjano vimetapakaa hapo nyuma yao. Alivyoniona macho yakamtoka.

"Cucu! Unafanya nini huku?"

"Guka yako amekunywa."

"Amelewa?"

"Hajalewa. Amekunywa ya mama ya huyu. Na vigelegele vimepigwa."

Niliona ile habari inaingia ndani yake pole pole, kama maji kwa nguo. Kijana naye, huko nyuma, akaanza, "Mimi naapa sikumtuma mama na chupa, nilimwambia..."

"Usiniongelee kwa shingo," akamwambia.

"Nimekuja kukuuliza," nikasema. Pumzi yangu ilikuwa inatoka vibaya. "Imenywewa lakini nakuuliza. Ilikuwa inywewe ama isinywewe?"

Alinitazama. Macho yake ni ya bwanangu, hilo sikuwa nimewahi kuliona vizuri. Alifungua mdomo. Ningesikia jibu hapo hapo, kama si ile soksi. Soksi ikanyanyuka, mtu nyuma akapiga kelele, "Ndio huo, ndio huo! Sasa!" na kile kitambaa kikasimama nyuma yao kama nyumba, na kijana akasema kimbia, na wakakimbia. Wakakimbia kwenda mahali hakuna kitu. Miguu yake iliendelea kukimbia hata baada ya ardhi kuisha.

Nilikaa chini. Nilikaa kwa nyasi kama wale wengine. Nikasema Ngai wangu, nimemuuliza mtu swali na yeye akaruka.

Walishuka kwanza mpaka nikafunga macho, halafu nilivyofungua walikuwa juu yangu. Juu! Mtu mzito hivyo, na mwingine, na kamba zote hizo, upepo umewabeba. Sikuelewa na sijaelewa mpaka leo. Nimeelezwa na kijana mara mbili, habari ya jua na mwamba na hewa moto. Mimi naitikia tu.

Pikapu ikanirudisha. Shemeji alikuwa na chupa ya maji, anakunywa anamimina anakunywa.

"Unafanya nini?"

"Labda itapungua," akasema.

Nikaketi na yule mama wa kitambaa cha kijani, nikamwambia ukweli. Kwamba hatukujua tumekuja kwa nini. Kwamba msichana hajaulizwa. Akaacha kucheka.

"Hajaulizwa?"

"Hajaulizwa."

"Na mimi nimepiga vigelegele."

"Umepiga."

"Na wazungu wamepiga makofi." Akafunika uso na kitambaa. Baadaye akasema huko ndani, "Mwanangu ataniua. Aliniambia, mama, ameomba muda, usimharakishe. Nami nimekuja na chupa." Chupa ilikuwa hapo kwa meza, imepungua glasi ile moja. Hakuna aliyeigusa tena. Tukaangalia juu wote watatu, shingo zikauma, tukitafuta kile kitambaa cha manjano kati ya vingine, na hatukujua tunaombea kishuke ama kikae.

Walikaa huko muda mrefu. Waliongea ama hawakuongea, sijui, huko ni kwao. Waliposhuka walianguka na makalio kwa nyasi kando ya zabibu, wakaburutwa kidogo, wakalala hapo. Msichana alivuliwa mikanda, akaja kwetu moja kwa moja. Machozi yalikuwa yamemkauka kwa mashavu mpaka masikioni. Nikamgusa. Akasema, "Ni upepo, cucu." Inaweza kuwa ni upepo.

Akasimama mbele ya shemeji. Hakukuwa na utani wa mke wa ndugu yangu siku hiyo.

"Guka. Wakati ulikunywa, ulikuwa umevaa kofia?"

Shemeji akashika kofia. Ilikuwa kichwani. Ilikuwa kichwani tangu asubuhi, jasho limetengeneza mto mpaka kwa kola, mtu huyu hata gari ikiruka kwa shimo anaishikilia. Msichana akamngojea. Kijana alikuwa amefika nyuma yake, kitambaa kimekunjwa mikononi kama mtoto.

Shemeji akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yanauliza.

"Mimi nilikuwa chooni," nikasema.

Hapo ndipo yule mama akatoa uso kwa kitambaa. Yeye ndiye alikuwa amepiga goti mbele ya hiyo kofia. Yeye ndiye alikuwa na kitu cha kupoteza kuliko sisi wote, maana alikuwa na mkwe tayari, na vigelegele, na mashahidi. Akamwangalia mwanawe. Kisha akasema, "Ilikuwa kwa kiti. Jua lilikuwa kali, mzee akaitoa, akaiweka kwa kiti. Mimi niliiona."

"Ndiyo," shemeji akasema, na akaitoa hapo hapo, akaiweka kwa kiti, ikiwa imechelewa. "Niliitoa."

"Basi ulikunywa tu kiu," msichana akasema.

"Nilikuwa na kiu sana."

Akachukua kizibo hapo mezani, akakipiga kwa kiganja mpaka kikaingia. Akampa yule mama chupa, mikono miwili, na goti kidogo kama alivyofanya yeye. "Mama, iwekeni. Mkitaka kuja Makongeni, mkuje nayo. Nitaulizwa na nitajibu."

"Utajibu nini?" Huyo ni mama yake kijana, hakuweza kujizuia. Na mimi nilitaka kuuliza vile vile.

"Nitajibu," akasema tu.

Kijana akacheka. Si kucheka kwa furaha na si kwa hasira, akacheka kama mtu amefika chini mzima. Kisha tukala nyama. Nilimpa yule mama kapu langu la ndizi na unga, kwa sababu sikuona nitalirudishaje, na yeye hakujua kama kulipokea kunamaanisha kitu, akanitazama, nikamwambia, "Ni ndizi tu."

Kurudi, shemeji alilala nyuma akikoroma, kofia kifuani. Msichana anaendesha na mimi nimekaa kando yake. Tulipofika mananasi akasema, bila kunitazama, "Cucu, yako ulisema inywewe?"

"Yangu sikuulizwa. Nilikuwa kwa kahawa."

Hakujua. Miaka yote hiyo hakujua, na mimi sikuwa nimeona kama ni kitu cha kusema. Akapunguza mwendo.

"Na ungeulizwa?"

Nikafungua mdomo nimjibu haraka, maana nilifikiria jibu liko hapo, nimelibeba tangu usichana. Nikatafuta. Nikaona bwanangu anajenga ile nyumba ya kwanza, anapiga misumari vibaya. Nikaona debe la kahawa. Nikaona watu wanaimba. Mananasi yakaisha, mji ukaanza, tukapita Kamenu, na bado nilikuwa natafuta. Alisimamisha gari mbele ya mlango wangu, akazima, akakaa, akiningojea.

Sikuwa nalo. Nikamwambia sina.

Akanifungulia mkanda, maana mimi huo mkanda siujui, akanishika mkono nikashuka. Watu wa Juja wametuma neno kwamba watakuja, na chupa. Nimenunua viti.